Maini ya Ng'ombe kwa Mtafiti wa Ghorofani

Jumatatu, 3 Machi
Amekuja! Mtafiti wa ghorofani, mwenye shingo ndefu na sauti ya chini. Anataka kimeng'enya safi cha maini ya ng'ombe, kikiwa na umbo lake la asili. Nikasema hakuna shida. Nimekata maini, nimesaga, nimechuja. Nanuka bucha. Kimepatikana cha mwezi mzima, lakini nitampa tone moja moja. Atazoea kuja.

Jumatano, 5 Machi
Tone limekwisha. Kamtuma Kidomo, mwenzangu wa maabara, amchukulie jingine! Kidomo anajisifu kuwa huko juu alikaribishwa kiti. Kiti! Nikamwambia kitu hiki hakishikwi na kila mtu, mwenyewe ashuke. Akauliza, shoga, hiki ni kimeng'enya au mwari? Ana shahada mbili, adabu hana.

Alhamisi, 6 Machi
Hakushuka. Nikapanda mimi. Ndoo ya barafu niliiacha. Nani apendeze na ndoo? Kichupa nikakifumbata kiganjani. Akaniuliza habari za kazi. Nikamweleza zote. Akacheka! Saa ya chai ikapita hatujui. Nilipofumbua kiganja, kichupa kilikuwa vuguvugu, kimelowa jasho langu. Kimeng'enya hiki hakivumilii joto. Nimekiandikia tasnifu. Nikampa hivyo hivyo, nikitabasamu.

Ijumaa, 7 Machi
Kimekufa. Umbo limevurugika, hakifanyi kazi hata chembe, na jaribio lake la wiki nzima limekwenda na maji. Mkuu wa maabara akaniuliza kwa upole, mwanangu, barafu ilikuwa wapi? Nikasema umeme ulikatika. Taa zote zilikuwa zinawaka juu ya kichwa changu.
Jioni mtafiti akashuka mwenyewe. Mwenyewe! Akasimama mlangoni, akasema amepata maabara nyingine ya kumtengenezea. Akanishukuru kwa juhudi. Akaniita dada.
Dada.
Nimeosha vyombo safi mara ya pili ili nisitazame mlango.

Jumatatu, 10 Machi
Nimelitafakari lile "dada" siku mbili. Hakulitamka kama kaka. Halafu, mtu hushuka ngazi zote zile kuaga tu? Mama anasema, mwanangu, aliyeaga ameaga, lala. Mama hajasoma kemia.
Nimesoma makala yake yote. Mwakani utafiti wake utahamia kwenye figo, lazima. Asubuhi nimepitia buchani. Jokofu limejaa figo, Kidomo hana pa kuweka chakula chake, ananuna. Kesho naanza kusafisha kimeng'enya chake.
Hajaniomba. Bado.