Posa ya Eliudi na Stempu za Marehemu Baba

Leo nimeumbuka. Nimeumbukia Makambako, mbele za watu, tena nikiwa nimevaa suti. Sasa hivi nipo nyumbani Njombe, miguu ipo kwenye beseni la maji ya moto, na nimeona niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine.

Kwanza mnielewe. Mimi ndiye mshenga wa ukoo. Sijui nani alinichagua. Kijana yeyote wa kwetu akipata mchumba, watu wote wananigeukia mimi. "Wewe una maneno mazuri," wanasema. (Maneno sawa. Magoti je?) Nimewahi kuteleza kwenye matope ya Lupembe nikaangukia barua ya watu. Nimewahi kushuka mpaka Manda kuposa, nikarudi na samaki na malaria. Nimechoka jamani. Nimeposa mara nyingi sana, na mke ninaye mmoja tu, naye ananicheka.

Basi Eliudi, mtoto wa dada yangu, akampata Upendo, binti wa Makambako. Msichana mzuri, ana adabu, tena kazi anaijua. Eliudi akakonda kwa kupenda. Barua ya posa ikaandikwa, ikaletwa kwangu.

Sasa, barua ya posa kila mtu anajua inavyokwenda. Mshenga anaipeleka kwa mkono wake. Inafungwa kwenye kitambaa cheupe, inawekwa kwenye sahani, anapiga hodi, anaulizwa katoka wapi na kaleta nini. Hata mtoto anajua. Lakini wiki ile kulikuwa na mvua na ukungu, goti la kulia limevimba kama kiazi, na mimi nikawa natafuta vitambaa kwenye kabati la marehemu baba. Nikakutana na kopo lake la stempu.

Stempu nzuri! Za zamani. Moja ina twiga, nyingine ina samaki, nyingine kuna mama anachuma chai. Baba alizinunua enzi zile akiwaandikia barua watu wake, akafa hajazimaliza. Nikazishika. Nikalitazama goti. Nikaitazama mvua dirishani.

Nikajiambia: barua ni barua.

Gundi ya stempu ilikuwa imeshakufa, nikazibandika kwa ugali wa jana. Nikabandika nyingi, maana moja ilikuwa ya shilingi chache, nyingine ya senti, nikaona wingi utafidia. Bahasha ikapendeza mno. Posta kulikuwa na foleni, kwa hiyo sikwenda dirishani, nikaitumbukiza kwenye sanduku la nje nikarudi kulala. Nililala vizuri sana siku ile.

Dada akapiga. "Kaka, umepeleka?"

"Imeshakwenda," nikasema. (Hapo sijadanganya.)

"Walikupokeaje?"

Hapo ndipo nilipojikaanga. Ningeweza kusema "vizuri" nikanyamaza. Lakini mimi nina maneno mazuri, si mnakumbuka? Nikamwambia walinichinjia kuku. Nikamwambia kulikuwa na wali. Nikamwambia mama Upendo ana mkono mtamu, na kwamba nilifungiwa paja moja la kula njiani. Dada akafurahi hadi akatoa machozi.

Sasa leo asubuhi simu inaita. Baba mdogo wake Upendo. "Mshenga, mzee anakuita. Barua imefika. Uje mwenyewe."

Hakukazia lile neno "mwenyewe". Au alikazia, mimi ndiye sikusikia. Nikajua ni majibu. Nikavaa suti, nikapiga viatu rangi, nikapanda gari la Makambako nikiimba tenzi moyoni. Nilipoteremka upepo wa Makambako ukanipokea, mnaujua ule, unaingia shati kwa mbele unatokea kwa nyuma. Kofia ikaenda. Nikaifukuza mpaka kwenye magunia ya viazi ndipo nikaikamata, na goti langu hili. Dalili hiyo. Ningekuwa na akili ningerudi nayo Njombe.

Nikafika. Sebule imejaa. Baba Upendo ameketi katikati, mzee mkubwa, mtulivu, aliyefanya kazi ya misitu mpaka akastaafu. Pembeni yake mama Upendo. Baba mdogo yule wa simu. Na shangazi yake Upendo, bibi mfupi mwenye miwani, ambaye ukimtazama tu unajua nyumba ile ni nani anaamua.

"Kamwene," nikasalimu.

"Kamwene," wakaitikia. Wote kwa pamoja, taratibu. Nikaketi. Nikaulizwa habari za Njombe, baridi, mvua, viazi. Nikajibu kwa maneno yangu mazuri. Kisha baba Upendo akaita, na sahani ikaletwa, imefunikwa kitambaa cheupe.

Moyo wangu ukaruka! Majibu kwenye sahani! Nikasimama, nikainamisha kichwa, nikashukuru ukoo mzima kwa heshima waliyotupa. Nilishukuru kwa kirefu. Nilitaja na mababu.

"Funua," akasema mzee.

Nikafunua. Ilikuwa bahasha yangu. Twiga ananitazama. Mama wa chai ananitazama. Vipande vya ugali mkavu vimedondokea sahani. Na juu yake kuna karatasi ya posta.

"Unaijua hiyo karatasi?" akauliza baba Upendo.

"Hapana, mzee."

"Ni ya upungufu. Stempu zako hazikutosha hata kuvuka mtaa. Mimi niliitwa posta nikalipie ndiyo nipewe barua. Nikajua ni mambo ya kiinua mgongo changu. Nikaazima nauli ya bodaboda nikaenda mbio. Nikalipa. Nikafungua palepale dirishani." Akaigusa bahasha kwa kidole. "Nikakuta mnaniomba binti."

Sikuwa na mahali pa kutazama. Nikamtazama samaki wa kwenye stempu.

"Nimemzaa mimi," mzee akaendelea, kwa sauti ileile ya upole, "nimemlea mimi, nimemsomesha mimi. Na kuposwa kwake pia nilipie mimi?"

Jamani. Angefoka ningepumua. Upole ule ulinimaliza.

Nikajitetea. (Sijui kwa nini watu tunajitetea.) Nikasema stempu ni mali ya serikali, haiozi. Nikaingiza mkono mfuko wa koti, nikatoa zile zilizobaki, nikawaonyesha bado ni nzima, rangi zake zipo.

"Hata senti za zamani ni mali ya serikali," akasema shangazi. "Nenda nazo sokoni ukanunue nyanya."

Watu wakacheka. Nikaona afadhali, wakicheka hasira zinapungua. Nikacheka na mimi. Nikaanza kuweka sawa: goti, mvua, ukungu, umri. Nikasema yote yalikuwa udhaifu wa mwili, moyo ulikuwa kwao. Nikaona mama Upendo ameanza kunionea huruma. Nikaona mlango unafunguka kidogo.

Simu ikaita.

Simu yangu ina sauti kubwa, kwa sababu masikio yangu nayo yameanza kustaafu. Nilitaka kuizima. Kidole kikapokea.

"KAKA!" Dada yangu huyo, sebule nzima inamsikia. "UMEFIKA? MSALIMIE SANA MAMA UPENDO! MWAMBIE YULE KUKU WAKE WA SIKU ILE MPAKA LEO TUNAMZUNGUMZIA HUKU! NA LILE PAJA!"

Ukasikika upepo tu kwenye bati.

Huruma ikamtoka mama Upendo usoni. "Kuku gani?" akauliza.

Nikakata simu. Ikaita tena. Nikaikalia.

"Mshenga," akasema shangazi, "hapa kwetu ulikula kuku lini?"

Njia ya mwongo fupi, lakini sikujua inaishia Makambako. Ikabidi niseme yote. Nikasema nilivyomdanganya dada, nikataja na wali. Nilipofika kwenye lile paja, baba mdogo alitoka nje akashika ukuta kwa kicheko. Niliona aibu, ndugu zangu, aibu ya kweli. Si kwa ajili yangu. Mimi nimezoea kuchekwa. Nilimfikiria Eliudi yuko Njombe, hajala tangu asubuhi, anasubiri nirudi na neno moja. Na mimi nimemharibia mtoto wa watu kwa sababu ya uvivu na stempu ya twiga.

Nikapiga magoti. Lile bovu likalia kwa sauti, nadhani wote walilisikia. "Wazee wangu," nikasema, "mnitoze faini mimi. Kijana hana kosa. Yeye alinipa barua, hakunipa stempu."

Wakaangaliana. Mzee akamwangalia shangazi. Shangazi akanyanyuka, akaitwaa ile sahani, akapangusa ugali wangu kwa ncha ya kitenge, akaifunika bahasha kwa kitambaa vizuri, akanikabidhi.

"Toka nje," akasema. "Uanze upya."

Nikatoka. Mlango ukafungwa. Nikasimama kwenye upepo ule, na suti yangu, na sahani yao, na kitambaa chao nimekibana kwa kidole gumba kisiende kama kofia. Majirani walikuwa wameshatoka kuangalia. Mama mmoja alileta na kigoda.

"Hodi!"

"Nani?" Sauti ya shangazi.

"Mshenga."

"Sauti haifiki!"

"MSHENGA!"

"Umetoka wapi?"

"Njombe!"

"Umekuja na nani?"

"Na miguu yangu!"

Jirani wa kigoda akapiga makofi.

"Umeleta nini?"

"Barua!"

"Ina stempu?"

Nikavuta pumzi. "Haina."

"Basi karibu ndani."

Nikaingia. Wakaipokea kwa mikono miwili kama vile hawajawahi kuiona. Mzee akaifungua, akaisoma yote mwanzo mpaka mwisho, akatikisa kichwa polepole, akaikunja. Chakula kikaletwa. Wali, na kuku, jamani, kuku wa kienyeji, harufu ilijaa nyumba. Kila mtu akapewa sahani. Mimi nikawekewa kikombe cha chai.

"Wewe wako ulishamla," akasema mama Upendo.

Nikanywa chai. Ilikuwa nzuri. Nikauliza kwa unyenyekevu kama naweza kwenda na jibu lolote, hata la mdomo, maana kijana anasubiri.

"Majibu tutaandika," akasema baba Upendo.

"Nije lini kuyachukua, mzee?"

Shangazi akanyoosha mkono, akaokota zile stempu zangu zilizobaki mezani, akazipanga vizuri kwenye kiganja, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Usijisumbue na goti hilo," akasema. "Tutatuma kwa posta."

Nikaaga. Nikafika getini nimekunja mabega, najiuliza nitamwambia nini mtoto wa watu. Nikasikia viatu nyuma yangu. Upendo. Ana kofia yangu mkononi, sijui nilipoisahau, na kifurushi kidogo cha karatasi kimelowa mafuta. Akapiga goti kidogo, akanipa.

"Safari njema, mjomba," akasema, akakimbilia ndani.

Mjomba! Mimi ni mjomba wake Eliudi. Pale kwao nilikuwa mshenga tangu asubuhi mpaka jioni, hakuna aliyeniita vingine. Nikasimama barabarani na kofia yangu, upepo unanitoa machozi. (Ni upepo.) Ndani ya kifurushi kulikuwa na paja.

Nimeshamwambia Eliudi ale. Sijamwambia zaidi, maana jibu si langu kulitoa. Dada yangu anaendelea kupiga, nami nimemjibu kwamba kuku alikuwepo na paja nililipata. Kwa mara ya kwanza nimesema kweli, hajaniamini.

Sasa tatizo ni moja. Mimi sina sanduku la posta. Anwani niliyoandika nyuma ya bahasha ni ya usharika, na mnajua majina ya wenye barua husomwa kwenye matangazo baada ya ibada. Kwa hiyo, wapendwa, Jumapili mkisikia jina langu limesomwa, kwamba barua yangu ina upungufu na niende nikalipie, nawaomba kwa upendo wa Kikristo mtazame vitabu vyenu vya nyimbo.