Mtu wa Tatu wa Timu ya Montfaroux

Jumatatu, 28 Julai

Wiki ya tatu tangu tupange nyumba hapa Montfaroux, Ufaransa. Joto kali. Habari njema: Gaspard ameanguka kutoka ngazini akichuma matunda ya aprikoti, kavunjika mkono. Pole yake, maskini. Lakini! Timu ya tufe ya kijiji ilikuwa na watu watatu, sasa ina wawili: Mzee Anicet, nahodha, aliyekuwa tarishi, na Firmin fundi bomba. Shindano dhidi ya kijiji jirani cha Les Aubettes ni tarehe kumi na tano Agosti. Wanamtafuta wa tatu.

Wa tatu ni mimi. Lazima niwe mimi. Jana shemeji yangu Wiebe, ndugu wa mke wangu Geeske, alinipigia simu kutoka kwetu Groningen, Uholanzi. Kwa miaka ishirini ananiita mwalimu wa jiografia aliyepotea njia. Akaniuliza kama hao Wafaransa hata salamu wananipa. Nikajikuta nasema: salamu? Wameshaniweka kwenye timu ya kijiji!

Kisha akasema hilo ataliamini akiliona kwa macho yake, atalivuta karavani lake, ile nyumba ya magurudumu, mpaka huku tarehe kumi na tano.

Geeske hajui. Asijue.

Jumatano, 30 Julai

Mpango wa kwanza: mazoezi ya siri. Saa? Saa sita mpaka saa nane mchana. Nimewachunguza. Saa hizo kijiji kizima kimejifungia ndani kinakula, mbao za madirisha zimefungwa, hata mbwa hawapiti. Nikala mkate wangu na jibini saa tano na nusu, wima, dakika sita. Saa sita na robo niko uwanjani nyuma ya kanisa na tufe zangu za chuma na gololi ndogo ya mti ya kulenga; tufe inayoikaribia zaidi ndiyo hupata pointi. Peke yangu. Raha!

Nikarusha. Nikarusha tena. Zilizopitiliza ziligonga ukuta wa kanisa, kong! Sikujali. Nani angesikia?

Wote. Mbao zimefungwa, ndiyo, lakini nyuma yake vioo vyote viko wazi kwa ajili ya upepo. Mama Solange, mwenye mkahawa, akatoka na leso ya chakula shingoni na uma mkononi. Aliniuliza kama nyumba yangu inaungua. Nikasema haiungui. Mke wangu amefariki? Hapana. Basi mtu mzima na akili zake, alisema, anatafuta nini nje saa ya chakula?

Juu ghorofani sauti ya Firmin ikapasua hewa: "Mholanzi wee! Arobaini umerusha! Thelathini na nane nje, mbili kwa padri! Tuachie tumeze jibini kwa amani!"

Kicheko kutoka kila dirisha. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 2 Agosti

Mpango wa pili: kumlainisha Anicet. Nimemwalika yeye na mkewe waje kunywa kitu saa kumi na mbili jioni. Kumpa mtu kinywaji si rushwa, ni ujirani.

Saa kumi na mbili kamili: hakuna mtu. Nikangoja dakika tano, kisha nikamwambia Geeske hawaji tena, tule. Saa kumi na mbili ndiyo saa ya kula, tangu enzi za babu yangu. Geeske alisema watu wa hapa hufika wamechelewa kidogo kwa heshima ya mwenyeji. Nikamwambia heshima ni kufika kwa wakati. Saa kumi na mbili na nusu tuko katikati ya viazi, mlango ukagongwa. Anicet na mkewe, wamevaa vizuri, na tikitimaji kubwa kwenye kikapu.

Anicet akatazama viazi. Akatazama saa ya ukutani. Akaniuliza kwa sauti ya chini nani mgonjwa humu ndani, mpaka tule mapema hivi.

Nikaondoa sahani mbio. Nikaleta kopo la biskuti nzuri za kwetu. Nikampa kila mtu moja, nikafunga kopo, kama inavyofanyika katika kila nyumba ya watu wenye adabu kule Groningen. Anicet alishika biskuti yake akilitazama kopo. Alikuwa anasubiri litafunguliwa lini. Nami nilikuwa nasubiri aisifu biskuti.

Geeske akanitupia lile jicho lake. Akainuka, akafungua friji, akatoa soseji kavu, zeituni, na jibini niliyoiweka kwa ajili ya Jumanne. Akakata tikitimaji. Walikaa mpaka jibini ya Jumanne ikaisha. Walicheka sana, hasa Geeske alipowasimulia jinsi ninavyozihesabu biskuti hizo. Wakati wa kuaga Anicet alimbusu Geeske mashavuni mara tatu. Mimi alinipa mkono. Akasema: "Bwana, una mke wewe."

Nadhani nimemlainisha.

Jumapili, 3 Agosti

Siku ya kuchagua. Uwanjani kijiji kizima. Nikapewa tufe tatu. Ya kwanza ilikwenda chemchemini, ya pili chini ya gari la padri. Ya tatu ilikuwa nzuri, ila ilisimama karibu na gololi ya mti ya watu waliokuwa wakicheza mchezo wao pembeni.

Ndipo Geeske akatokea. Alikuja kurudisha kikapu cha tikitimaji, basi! Mama Solange akamng'ang'ania: "Dada, rusha moja tu, hutavunjika kiuno!" Geeske akarusha moja, kikapu mkono wa kushoto. Ikaenda ikaibusu gololi. Wakamwambia ni bahati. Akarusha tena. Ikaibusu tena, upande wa pili. Anicet akavua kofia.

Geeske yuko kwenye timu.

Aliniomba nimshikie kikapu apeane mikono na watu.

Jumanne, 5 Agosti

Siku mbili sijala vizuri. Leo akili imefunguka. Asubuhi dukani kwa mikate nilimnong'oneza Anicet, kwa uchungu wa mume, kwamba bega la Geeske ni bovu. La zamani, nikasema. Hasemi kwa sababu ni mtu wa kujikaza. Kumchezesha ni kumuua. Nikaacha chozi lining'inie kidogo.

Sikujua kijiji hiki kinavyopenda ugonjwa wa mtu. Saa nne mke wa Anicet amefika na dawa ya kuchua aliyotengeneza mwenyewe. Saa tano Mama Solange na mfuko wa mbegu zilizopashwa moto wa kumkanda. Mchana Firmin kamleta shangazi yake, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa akiwanyoosha mifupa farasi wa mashindano. Geeske alishangaa, lakini hakuna aliyempa nafasi ya kusema kitu. Wamemlaza, wamemchua, wamemvuta mkono mpaka ukalia.

Jioni alirusha tufe kumi. Tisa ziligusa. Alisema hajawahi kujisikia mwepesi hivi tangu tuoane.

Jumapili, 10 Agosti

Balaa! Simu imelia nikiwa bafuni. Wiebe. Geeske kapokea. Wiebe kamuuliza mumewe, bingwa wa kijiji, anaendeleaje na mazoezi.

Nilipotoka nilimkuta ameketi sakafuni anacheka, machozi yanamtoka, hawezi kusema. Kisha akaacha kucheka. Hilo ndilo lilinitisha. Aliuliza: "Harmen, kwa nini hukuniambia tu?"

Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na mbili, nina jibu la kila kitu; nikaenda kutundika taulo. Niliona aibu. Naiandika hapa kwa sababu hakuna atakayeisoma.

Geeske kasema kesho atamwambia Anicet kwamba bega limerudi kuuma, nafasi nichukue mimi. Sharti moja: nicheze kwa mikono yangu na si kwa kitu kingine chochote. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Mama amefariki miaka mingi, sidhani kama atafuatilia.

Jumatano, 13 Agosti

Anicet alikubali. Alivuta pumzi ndefu sana kwanza, lakini alikubali.

Sasa, tuseme ukweli, mikono yangu ninaijua. Nimekwenda mjini kwenye duka la vifaa nikapata sumaku ya kuopolea funguo zilizotumbukia kisimani. Bapa, nzito, kali ajabu. Nimeitia ndani ya kiatu cha kulia, chini ya soli ya ndani. Tufe ni chuma. Nikienda kupima umbali napitisha mguu karibu na tufe ya adui, inasogea upana wa vidole viwili, nani ataona? Mikono yangu haihusiki. Kiapo kilihusu mikono.

Nimefanya mazoezi jikoni. Nimenasa kwenye jiko mara moja tu. Nilimwambia Geeske nanyoosha misuli.

Ijumaa, 15 Agosti



Jua. Vijiji vyote viwili. Wiebe mbele kabisa kwenye kiti chake cha kukunja, simu tayari. Nahodha wa Les Aubettes ni Mama Zélie, miaka themanini na mmoja, aproni na mkongojo. Nikasema moyoni, huyu!

Wakaongoza nne bila. Tisa bila. Kila nilichorusha kilikwenda kutalii. Anicet aliniambia kwa upole: "Rusha kwetu, bwana, si kwao." Kumi na mbili bila. Mchezo huisha kumi na tatu. Tufe ya Mama Zélie na ya Anicet zilikuwa umbali karibu sawa kutoka kwenye gololi. Kama ya bibi ingesogea vidole viwili tu, pointi ni yetu. Nikasema kwa sauti ya kitaalamu: ngoja nipime.

Nikapitisha mguu.

Klik.

Tufe ya bibi imenasa kwenye kiatu. Nikautikisa mguu, haitoki. Nikarukaruka. Nikasugua kiatu kwenye mti. Watu mia mbili wananitazama, mimi naruka kwa mguu mmoja na tufe ya mpinzani kwenye mwingine. Mama Zélie akaninyooshea mkongojo, akasema taratibu: "Baba, uambie mguu wako unirudishie mali yangu."

Meya, ambaye ndiye mwamuzi, aliwapa pointi hapo hapo. Kumi na tatu bila.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe kuna Fanny. Anayeshindwa bila kupata hata pointi moja hupelekwa kwake. Fanny ni picha katika mkahawa wa Mama Solange, nyuma ya pazia dogo: mwanamke mnene amewapa watu mgongo na kupandisha sketi yote. Unapiga magoti, unabusu. Pale pale. Firmin na Anicet walisema dhambi hii ina mwenyewe, wakanisukuma mbele. Kengele ikapigwa. Vijiji viwili vikajazana mlangoni, wengine juu ya meza. Mama Solange aliniwekea mto chini ya magoti: "Taratibu, baba, mwenyewe hana haraka!"

Nikabusu. Wiebe alirekodi. Aliniomba nirudie, jua lilimpiga machoni.

Geeske alisimama mlangoni. Hakukasirika. Alinishika mkono mpaka nyumbani, akaitoa ile sumaku kiatuni mwenyewe, akaibandika kwenye friji.

Jumatatu, 18 Agosti

Mambo ya ajabu. Tangu Jumamosi kila mtu ananiita kwa jina. Mpaka Alhamisi nilikuwa mume wa Geeske. Sasa ni Harmen huku, Harmen kule! Mwenye mikate alitoka nje ya kaunta kunishika bega. Watu wa Les Aubettes, ambao kwa miaka hawakanyagi hapa ila siku ya shindano, wamekuja jana kunywa na watu wa hapa na kusimuliana jinsi nilivyoruka. Hata Wiebe alinikumbatia kabla ya kuondoka. Alisema hajawahi kucheka hivyo, na kwamba kule Groningen hakuna mtu angemjali yeye kiasi cha kumwekea mto.

Kisha asubuhi hii Anicet mwenyewe kaja mlangoni. Kanibusu mashavuni. Mara tatu! Kasema leo saa kumi na moja wanacheza wenyewe kwa wenyewe, hakuna shindano, hakuna meya. Wamepungukiwa mtu. "Njoo tu, Harmen. Hata ukirusha mtoni, njoo."

Kiangazi kizima sikutaka kitu kingine. Neno "ndiyo" lilikuwa limefika mdomoni.

Ndipo nikajiuliza: kwa nini leo? Kwa nini aje mwenyewe, kwa miguu, asubuhi? Wananihitaji! Na mtu anayehitajika akijirahisisha wanamzoea. Nikamwambia Anicet nina mambo mengi, nitaangalia ratiba yangu. Alinitazama kidogo. Akasema sawa, kama una kazi.

Geeske alinisihi twende wote. Nikamwambia yeye atangulie, awachunguze wanavyonikosa.

Saa kumi na moja. Nimekaa nyuma ya mbao za dirisha, viatu nimeshavaa. Nazisikia tufe zikigongana uwanjani.

Saa kumi na moja na nusu. Wanacheka. Wanajifanya wana furaha. Sauti ya Geeske iko juu kuliko zote, anawavuruga kwa ajili yangu, mke mwema.

Saa kumi na mbili kasoro robo. Firmin amepita chini ya dirisha kwenda kuchukua maji. Nimekohoa. Hakuangalia juu. Kiburi tu, kinamuuma.

Saa kumi na mbili na robo. Bado hawajaja kunibembeleza. Safi kabisa. Yote yanakwenda kama nilivyopanga.