Nywele za Mtu Asiyejali

Jumamosi, 2 Novemba 1996

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye mja haanzi jambo la heri bila Yeye. Amani imfikie kila atakayelifungua daftari hili, yeye na wazazi wake, ingawa nimelificha chini ya gunia la mihogo mikavu ili asilifungue mtu.

Mimi, Swaibu, mwenye umri wa miaka sitini na saba, mwadhini wa msikiti wetu mdogo hapa Ujiji kwa miaka ishirini na miwili, naandika kwa moyo mzito. Imamu wetu alizikwa mwezi uliopita. Wazee watamtangaza mrithi wake Ijumaa ya tarehe kumi na tano. Baba yangu aliswalisha katika mihrabu ile. Mimi nimeitazama migongo ya wengine tangu utoto. Kabla sijafa nataka kugeuka baada ya salamu nione nyuso za watu walioswali nyuma yangu. Hilo tu.

Kizuizi ni Maalim Chande. Tangu vita vya ng'ambo ya ziwa vianze, maboti yanashusha watu wa Uvira na Fizi usiku na mchana, naye hashindi tena nyumbani. Huwabeba wagonjwa mgongoni. Leo aliingia msikitini adhuhuri moja kwa moja kutoka ufukweni. Kofia imechukuliwa na maji. Nywele timtim, zimejaa mchanga na majani, kila moja imeshika njia yake. Mzee Abdulkarimu, mkuu wa wazee, alimtazama mpaka machozi yakamtoka. Akatuambia tumwangalie, huyu ndiye mtu aliyeisahau nafsi yake.

Nilimwangalia. Nikapitisha mkono kichwani pangu, chini ya kofia. Laini. Nadhifu. Nikafahamu pale pale ninachokosa.

Jumatatu, 4 Novemba

Kinyozi wangu alifariki Agosti, kwa hiyo nywele ninazo za kutosha. Nimezinyima kitana siku mbili. Hazikutimka. Kofia ya miaka hamsini imezilaza kama nyasi chini ya gunia.

Nimekwenda Rusimbi kwa Feliksi, kijana aliyekimbia kutoka Uvira na kuweka kiti chake chini ya turubai. Vijana wa mjini humpangia foleni. Nilimweleza kwa utulivu kwamba sitaki kunyolewa wala kuchanwa. Nataka nywele za mtu ambaye mawazo yake yako Akhera, zisizoguswa na mkono wa binadamu.

Feliksi akanizunguka mara mbili. “Mzee, ile ya kuachia-achia hivi njo inaombaka kazi mingi.”

Nikamwambia afanye, hata kama kazi ni nyingi.

Alitumia mawese kidogo, kipande cha sponji ya godoro, na vidole vyake kumi. Alisokota, akavuta, akarudi nyuma kutazama, akaharibu alichotengeneza, akaanza upya. Ili nifanane na mtu asiyejali nilikaa kitini kuanzia saa tatu hadi saa tano na nusu. Kila mteja humketisha kwa namna ambayo yeye mwenyewe anatazama ziwani. Nilimuuliza sababu. Akasema kaka yake hajavuka bado. Nikamwombea dua, kisha nikamkumbusha upande wa kushoto.

Kijana mmoja katika foleni akasema: “Babu umetoka freshi, kama umeamka tu.” Nilifarijika.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekwenda msikitini kichwa wazi. Bi Zuleha, mke wangu, alinisimamisha mlangoni. “Baba Asia, kofia iko wapi? Umeibiwa?” Nikamwambia nimempa mkimbizi. Akanitazama kwa upendo ambao sikuwa nimeuona tangu binti yetu Asia aolewe.

Msiba ulianzia birikani. Sikuwa nimeufikiria udhu. Mtu akitawadha hupaka maji kichwani, na maji ndiyo yanayolaza kazi ya Feliksi. Swala tano, maangamizi matano. Nilitafakari kwa utaratibu nikiwa nimeketi juu ya jiwe la kutawadhia. Madhehebu yetu ya Shafii, kwa rehema zake Mola, yanaridhika na kupaka maji sehemu ya kichwa, hata nywele chache. Nikachagua nywele tatu nyuma ya sikio la kulia. Nikazilowesha kwa ncha ya kidole.

Mzee Abdulkarimu alikuwa ameketi jiwe la pili. Akaniuliza kama kichwa kinaniuma. Nikasema kidogo. Akasema anaona kweli, maana nimeanza kutokwa na damu sikioni. Yalikuwa mawese.

Jumatano, 6 Novemba

Njia bora ni kutouvunja udhu kabisa kuanzia alfajiri mpaka isha. Nimeacha maharage. Nimeacha chai. Nimeacha kulala mchana. Nimeketi barazani, sisogei, nzi wananizunguka kwa ajili ya mawese. Wapita njia wanadhani nimefiwa. Wawili wamenipa pole.

Bi Zuleha ameikuta kofia chini ya godoro. Hakunigombeza. Amevaa buibui lake, ameichukua mpaka ufukweni, amempa mkimbizi. Aliporudi alisema amefanya hivyo ili nisiandikwe mwongo. Ilikuwa kofia yangu ya Idi.

Alhamisi, 7 Novemba

Hasara. Chande amenyoa. Chawa wamewashika watoto wanaoshuka kwenye maboti, na watoto walikuwa wakilia wakiuona wembe. Basi akaketi mbele yao, akanyolewa yeye kwanza, huku akikunja uso ili wacheke. Ameingia magharibi kichwa kinang'aa kama chungu kipya. Mzee Abdulkarimu akakibusu kile kichwa mbele ya watu wote.

Nilikuwa safu ya nyuma, na nywele zangu zote. Hakuna aliyeziona.

Siwezi kunyoa. Itakuwa ninamfuata. Zaidi ya hayo, nimeshamzoesha Feliksi.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimepata njia. Kila Jumanne Mzee Abdulkarimu hupeleka uji wa wagonjwa bandarini Kigoma. Kesho nitatangulia huko, nitasimama katikati ya wakimbizi na nywele zangu, nimezama katika huduma. Feliksi ameniandaa leo na kuongeza majivu kidogo. Alisema hii ndiyo bora kuliko zote alizowahi kutengeneza. Kaka yake bado.

Nitachukua na kilemba, yadi sita za bafta nyeupe nilizozinunua kwa siku ya kutangazwa. Mtu hajui. Huenda wazee wakaamua pale pale.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimerejea. Naandika kwa ufupi, maana mgongo unaniuma.

Jumanne nilisimama bandarini mahali pazuri, palipoonekana. Mzee Abdulkarimu alikuwa bado hajafika. Mgambo mmoja akanishika bega kwa upole na kuniambia: “Mzee wangu, lori ni hili, panda.” Nikamfahamisha kwamba nimezaliwa Ujiji. Akasema kila anayeshuka kwenye boti husema hivyo. Nikamweleza kwa Kiswahili sanifu, kwa matamshi safi na heshima zote, kwamba babu yangu amezikwa Ujiji na baba yangu amezikwa Ujiji. Karani akainua kichwa kutoka kwenye orodha yake. “Kiswahili kizuri sana, Mzee. Umejifunzia Fizi?” Kisha akatazama nywele zangu, akaniandika.

Lori likashika njia ya Kasulu, kwenye kambi za wakimbizi. Mvua ikanyesha. Nilikinga kichwa kwa mikono miwili, na mama mmoja akadhani ninalia, akanipa nusu ya kanga yake.

Tulikwama kwenye tope Kidahwe, na tulilala hapo. Jumatano asubuhi mzee mmoja wa Fizi, aliyekuwa ameuegemea ubavu wangu njia nzima, hakuamka. Binti yake anaitwa Shadia. Alinitazama kwa muda mrefu, akaniuliza: “Baba, weye uko mwalimu?” Nikasema ndiyo. Ni kweli, dini nimeisoma.

Sanda haikuwepo. Watu walikuwa wananiangalia, na mfuko wangu ulikuwa wazi. Nikatoa kilemba. Nilikitoa kwa sababu waliniangalia, naliandika hili ili nisijidanganye. Tulimwosha, tukamzungushia yadi zile sita, zikamtosha kasoro nyayo. Wanakijiji wakatuchimbia kaburi. Nikatangulia mbele, nikamswalia. Baada ya salamu niligeuka. Nyuso kama arobaini zilikuwa nyuma yangu, zimelowa, zote zinanitazama mimi.

Nikawaza, laiti mmoja wao angekuwa mtu wa Ujiji.

Shadia alinishika mkono, akaniita Imamu. Dereva naye, lori lilipokwamuka leo tukaagana, aliniita hivyo hivyo. Nimerudi juu ya gari la mihogo. Nywele zilikuwa zimeharibika, tope tupu, zimesimama ovyo bila mpangilio wowote. Sikuweza kuonekana hivyo siku moja kabla ya Ijumaa. Nikapita kwa Feliksi, nikamwambia anyoe zote. Chande ameshinda katika hilo. Feliksi alisikitika kama mtu anayebomoa nyumba.

Ijumaa, 15 Novemba

Baada ya swala wazee walitutaka tubaki. Niliketi safu ya kwanza, kichwa kinang'aa.

Mzee Abdulkarimu alisema kabla ya kutangaza jina wana shauri. Dereva mmoja wa lori ameleta habari kwamba huko Kidahwe kuna mzee aliyemvika marehemu mgeni kilemba chake mwenyewe na kumswalia katika matope. Mzee huyo alisema anatoka Ujiji, nao hawakumwamini. Maalim Chande amewaomba wazee wamtafute, kwani yeye Chande hawezi kukubali kusimama mbele ya mtu kama huyo. “Kama yumo humu,” akasema Mzee Abdulkarimu, “ainuke. Mahali ni pake.”

Nikaweka mkono sakafuni ili niinuke.

Mtu nyuma akauliza anafananaje. Mzee Abdulkarimu akasema dereva amemweleza vizuri: kikongwe mchafu, amejipaka majivu na mafuta mekundu, nywele kama kiota cha kunguru, hata wakadhani amerukwa na akili. Walimwandika katika orodha ya wakimbizi.

Msikiti mzima ukacheka kidogo, kwa huruma.

Nikaurudisha mkono pajani. Mimi, niliyekaa kitini mara mbili kwa ajili ya nywele zile. Kiota cha kunguru.

Mzee Abdulkarimu akatupitishia macho mmoja mmoja. Yalipofika kwangu yakasita. Akaniuliza: “Swaibu, tangu Jumanne hatukuisikia adhana yako. Ulikuwa wapi?” Nikasema nilikuwa Kasulu kwa ndugu. Akatazama kichwa changu kilichonyolewa, akapita.

Wakangoja kitambo. Hakuna aliyeinuka. Wakamtangaza Chande, naye alilia kama mtu aliyepewa adhabu. Dua yake ya kwanza katika mihrabu aliitoa kwa ajili ya mzee yule wa Kidahwe, Mungu amtunze popote alipo, amfanye miongoni mwa wanaojulikana mbinguni hata kama ardhini hawajulikani.

Watu wakaitikia amina. Nami nikaitikia, kwa sauti ndogo. Sikuona mtu yule alifanya nini cha kuombewa hivyo.

Jumamosi, 16 Novemba

Bi Zuleha ameuliza kilemba kiko wapi. Nikamwambia. Yote. Akaenda kunikorogea uji, jambo ambalo halifanyi Jumamosi. Aliponipa bakuli aliniita Imamu. Nilimwomba asinidhihaki.

Nimetafakari usiku kucha kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Nywele ni kitu kisichotegemewa: hulazwa na maji, huharibiwa na mvua, hueleweka vibaya na madereva. Nilipaswa kuanza na paji la uso. Chande hana alama ya sijida. Mimi pia sina, lakini Feliksi analo jiwe la kusugulia visigino, na anasema kwa wiki tatu, taratibu, asubuhi na jioni, paji litapata weusi kama wa mtu aliyesujudu miaka arobaini. Tunaanza Jumatatu. Nimemwambia lazima ionekane kana kwamba mwenyewe sina habari nayo.

Kaka yake amevuka jana. Ameketi chini ya turubai, anawashikia wateja kioo.

Ewe uliyelifungua daftari hili bila ruhusa, Mola akusamehe, akufunike wewe na walio chini ya paa lako, awarudishe wasafiri wenu wote wakiwa hai, na asiinyime nyumba yako mtu wa kuitikia amina.