Jina Langu Kukutwa Kwenye Kila Mstari

Kwa Mkurugenzi,
Kupitia kwa Mkuu wa Mafundi wa Programu, ambaye najua ataisoma kwanza, naye namsalimu.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA MAKOSA 4,312 NILIYOYAONDOA

Mimi ni yule mwandishi wa habari mstaafu uliyeniajiri kwa mkataba wa miezi sita nisahihishe tahajia katika maelezo ya programu yetu ya foleni za hospitali. Kwa faida ya atakayeikuta barua hii kwenye jalada: maelezo hayo ni maneno ambayo fundi huyaandika katikati ya msimbo, yaani amri za kompyuta, ili fundi mwenzake aelewe. Mashine huyaruka. Kwa hiyo niliajiriwa kung'arisha sehemu pekee ya programu isiyofanya kazi yoyote, na kwa umri wangu niliona tumeendana.

Kazi niliimaliza kwa wiki tisa. Sasa naomba makosa yote yarudi yalipokuwa, kwa sababu zifuatazo.

1. Programu ina daftari linaloonyesha nani aligusa kila mstari mara ya mwisho. Hakuna aliyenidokeza. Mafundi wakikwama hutazama maelezo yaliyo juu ya kipande husika, wakajua wamuulize nani. Nilipoandika "mgonjwa" palipokuwa na "mgojwa", jina la aliyetoka jasho lilitoka, likaingia langu. Leo niko juu ya kila kipande, kama kofia.

2. Mwezi uliopita namba za foleni katika zahanati moja zilianza kurudi nyuma. Fundi wa zamu, binti mpole, alinijia na kompyuta mikononi: "Mzee, hapa pameandikwa wewe. Pana nini?" Sikujua. Nikamuuliza niliyoyauliza miaka thelathini nje ya vituo vya polisi: nani alikuwepo, ilianza saa ngapi, nini kilitangulia. Kwenye swali la tatu alijipiga paji la uso. "Ala! Saa ya seva! Si niliigusa mwenyewe jana? Mzee, wewe ni moto!" Mimi sikuwa nimefanya lolote, na nililifanya nikiwa nimekaa.

3. Tangu hapo naitwa Babu Seva, kwa jina la kompyuta kuu inayoendesha programu. Naitwa vikaoni, nanyamaza kwa kuwa sielewi, na muhtasari unaandika kwamba "Babu Seva alionyesha tahadhari". Wiki jana niliamua kusema kweli. Nikasema, "Jamani, mimi sijui." Mkuu wa Mafundi akawageukia wenzake: "Mnaona? Anayejua ndiye husema hajui." Ndugu Mkurugenzi, ujinga wangu nimeutunza miaka mingi, na sasa hakuna anayeutambua.

4. Hili ndilo linalouma. Binti yangu amejifungua. Ni mjukuu wetu wa kwanza, ana wiki tatu. Mama watoto amekwishafika kwake, na kila siku hunipigia kusema kwamba mtoto ana masikio yangu. Sijawahi kuchapisha habari yenye chanzo kimoja. Nataka kuyaona mwenyewe kabla hayajakua. Niliomba likizo ya siku kumi. Nimejibiwa kwamba mfumo hauwezi kubaki bila mtu aliye kwenye kila mstari.

Basi, makosa yakirudi, jina langu litatoka, nami nitapanda basi. Nilijitolea kuyarudisha kwa mkono wangu, lakini yule binti amenifahamisha kwamba hata hapo daftari litaandika jina langu. Kwa hiyo naomba ateuliwe mtu mwingine akosee upya. Nina imani na idara nzima.

Nisalimie mhasibu, na mama wa chai, na mlinzi wa lango anayenipigia saluti na kuniita Injinia. Mwambie saluti nimezipokea kimakosa.

Mtiifu wako,
Msahihishaji wa Maelezo (mkataba wa muda)

Tanbihi: Barua yako ya kuninyima likizo niliikuta ndani ya mfumo, ina makosa mawili, moja likiwa kwenye neno lenyewe "likizo". Nilijizuia mpaka saa tano asubuhi. Nimeyasahihisha na kuihifadhi. Daftari sasa linaonyesha kwamba aliyeninyima likizo ni mimi, na kwa utaratibu wetu rufaa kama hii hupelekwa kwa mwenye jina. Namfahamu mzee huyo. Ataiona koma moja haiko mahali pake, na barua hii atairudisha.