Mjukuu Aitwe Taifa Gani?

Jumatatu, 2 Juni

Nimepata mjukuu! Wa kiume, kilo tatu na nusu, hospitali ya Makandana, alfajiri. Mama yake, Tulinagwe, mke wa mwanangu, mzima. Mke wangu Atupakisye kapiga vigelegele hadi ng'ombe wake mwenye mimba kakata kamba.

Jina nitatoa mimi. Babu mzaa baba ndiye anayetoa jina, hiyo ni mila na haina rufaa. Na ukoo wetu hautoi majina ya ovyo. Sisi watoto wetu tunawapa majina ya mataifa yatakayotawala dunia, ili yakishatawala yakute tumeshajuana.

Kweli, mpaka sasa bahati imetupiga chenga. Babu alimbatiza baba Kaiza, cheo cha mfalme wa Wajerumani, mwezi wa nne mwaka 1916. Mwezi wa tano Waingereza wakaingia Tukuyu, Wajerumani wakatimua mbio. Baba kakua, kaomba ukarani bomani mara sita kwa jina la Kaiza. Mara sita! Uzeeni akanizaa mimi, akaniita Sovieti. Nilikuwa na miaka ishirini na nne nchi hiyo ilipofutwa kwenye ramani. Mimi nami, Desemba 1989, nikamwita mwanangu Japani, maana redio ilisema Wajapani wanainunua dunia nzima. Januari soko lao likaporomoka.

Makosa madogo ya hesabu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Safari hii sikosei.

Jumanne, 3 Juni

Utafiti. Nimegeuza kila kitu ndani ya nyumba kuona kimetengenezwa wapi. Beseni, China. Tochi, China. Kandambili, China, hata ile iliyokatika. Dawa za presha za Atupakisye, India. Pikipiki anayobebea abiria mwanangu Japani, nayo India. Vitu vya Rungwe ndani ya nyumba hii ni mkungu wa ndizi na mke wangu, na mke wangu alikuwa ananitazama vibaya.

China nimeikata. Imeshapanda. Kuiwahi leo ni kufika msibani sahani zimeshaoshwa. Waliobaki ni India, Brazili, Indonesia, Naijeria na Uturuki.

Jioni kaja mkwe wangu Asajile kutoka Kisiba, baba yake Tulinagwe. Kanywa chai yangu vikombe vitatu, halafu kasema mtoto aitwe Ambilikile, jina la marehemu baba yake. Nikamwuliza huyo Ambilikile alikuwa na jeshi? Satelaiti je? Kajibu kwamba hakuwa navyo, ila alifika miaka tisini na mbili bila kuanguka hata mara moja.

Wivu tu. Ukoo wao haujawahi kufikiria kuvuka hata mto.

Jumatano, 4 Juni

Leo bandani, tukisubiri lori la kubeba majani ya chai, nimedokeza India. Nimewaeleza kuhusu idadi ya watu, kompyuta, roketi. Nimeeleza saa nne nzima, maana lori lilikuwa halijulikani liko wapi. Chai ikaanza kupata moto maguniani. Tunajua atakayetawala dunia mwaka 2050, lori la leo hatulijui.

Sijafika nyumbani, Jotham wa maparachichi kanifuata na jogoo. Maparachichi yake yanakwenda India. Kaniomba kwa heshima zote nisiiguse nchi hiyo. Kwa nini? Kasema tu kwamba ana watoto wanasoma. Nimeelewa: anaogopa nikiitangaza India, kila mtu atakimbilia soko lake. Jogoo nimepokea.

Baadaye kaja Enosi wa kahawa na debe zima la maharage. Yeye kasihi mtoto aitwe Brazili, tena haraka, kabla ya mavuno. Brazili ndio wanaolima kahawa nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Mtu kuwatakia heri washindani wake kiasi hicho! Nimeguswa. Maharage nayo nimepokea.

Sikujua kama uchambuzi wangu unaheshimiwa hivi.

Alhamisi, 5 Juni

Pigo! Tulinagwe katoka hospitali, hakuja kwetu. Kaenda Kisiba kwa mama yake, na mjukuu wangu mgongoni. Ujumbe kampa Atupakisye, maana tangu aolewe, miaka sita, hajawahi kunisemesha. Mkwe hasemi na baba mkwe, ndiyo heshima ya kwetu. Kasema atarudi jina likishapatikana, na liwe jina la mtu. Kwenye kadi ya kliniki wameandika "Mtoto wa Tulinagwe". Jumapili mchungaji anatakiwa kulitangaza kanisani, na hana la kutangaza.

Nimemwita Japani amwamuru mkewe. Kakataa. Kasema kila abiria akisikia jina lake anauliza kama na pikipiki ni ya Japani, na akisikia si ya Japani anaomba apunguziwe nauli. Kasema yeye ameshazoea, mtoto bado.

Shukrani ya punda. Lakini niseme ukweli, hapa hasomi mtu. Mjukuu wangu sijamwona hata kisigino, na nyumba imekuwa kimya mno.

Ijumaa, 6 Juni

Jibu limenijia nikichuma chai! Ya nini kuhangaika na nchi za watu? Taifa lijalo ni letu wenyewe. Watu tunao, dhahabu tunayo, gesi tunayo, maparachichi ndiyo haya. Mtoto ataitwa Tanzania. Ni jina la nyumbani, nani atapinga?

Nimelitangaza palepale shambani, na wamepinga wote. Haikupita saa, mtendaji wa kijiji kafika anahema, kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Nyuma yake mchungaji, Jotham, Enosi, na kina mama wa kwaya wakiwa na sare. Mtendaji kasema hakuna sheria ya kunizuia, ndiyo maana kaja kunibembeleza. Kasema barabara ya hapa ndiyo kwanza imeahidiwa kwa mara ya nne, nisiiharibie. Jotham kajitoa mhanga: kama ni lazima, basi nirudi India. Mama mmoja wa kwaya akaanza kulia.

Nikawauliza kama hawaipendi nchi yao. Mchungaji akajibu kwamba wanaipenda sana, na hicho ndicho kilichowaleta.

Ndipo nikaelewa habari ya jogoo na maharage. Wanadhani ukoo wetu una mkosi! Mimi, niliyewafundisha dunia bandani miaka yote hii, kumbe wananiona kama mvua ya mawe! Nimewafukuza wote. Jogoo sikurudisha.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda Kisiba. Japani kanipakia, manyunyu njia nzima. Nilikuwa nimejipanga: nitasimama, nitataja mila, nitamchukua mjukuu wangu na jina lake.

Asajile kanikaribisha sebuleni bila kejeli, jambo lililonitia wasiwasi. Nikaanza hotuba. Nikafika kwenye gesi asilia. Mara pazia la mlango wa ndani likatikisika, na sauti ya Tulinagwe ikatoka nyuma yake. Asajile mwenyewe aliinamisha kichwa. Mkwe kumsemesha baba mkwe, mbele ya wazazi!

"Baba," alisema, "hizo nchi zina mamilioni ya watu wa kuzisemea. Huyu ana wewe tu wa kumpa jina."

Miaka sita, na neno lake la kwanza kwangu ndilo hilo.

Mke wa Asajile akamleta mtoto akaniwekea mikononi. Mwepesi! Ana masikio ya baba yangu, yaleyale, yamesimama kama ya mtu anayesubiri kuitwa ndani. Nikamwona baba kwenye benchi la bomani, mara sita, amevaa shati lake moja zuri, karani akisoma jina lake kwa sauti na wenzake wakicheka. Nimelia mbele ya mkwe wangu Asajile na sioni haya.

Nikasema aitwe Ambilikile. Asajile hakushangilia. Kanimiminia chai, kakoroga na sukari yeye mwenyewe.

Jumapili, 8 Juni

Mchungaji kalitangaza. Makofi yamepigwa kuliko ya Krismasi, na mtendaji kasimama kabisa. Tulinagwe karudi kwetu. Mjukuu analala chumba cha pili, namsikia akilia, na ni sauti nzuri.

Nimejifunza. Kiumbe cha Mungu si cha kubahatishia mambo ya dunia. Nimelipigia neno hili mistari miwili.

Jumatatu, 9 Juni

Ng'ombe wa Atupakisye kazaa! Ndama dume, afya tele.

Jotham na Enosi wamekuja pamoja, wapole kweli, wakaniomba huyu ndama nimwite Bei ya Mbolea. Wamesema hakuna kitu duniani kinachopanda kama hicho, na labda ukoo wetu unaweza kusaidia. Nimewafukuza tena. Mbolea si taifa, na sisi hatutoi majina ya ovyo.

Lakini wamenifikirisha. Ndama si mtoto. Hana kadi ya kliniki, hana mchungaji, mama yake hawezi kukimbilia Kisiba. Na utafiti wangu ulikuwa mzuri, ni dhambi kuutupa. Nimemwita India. Nimemtangazia Atupakisye, nimewatangazia na majirani juu ya ua.

Saa kumi. Japani kafika anasukuma pikipiki tangu mjini, jasho linamtiririka. Imezima ghafla, haiwaki, na fundi haoni kasoro. Haihusiani kabisa. Ni plagi hiyo.

Naona na Jotham wa maparachichi anapanda kilima kuja huku, anakimbia. Safari hii hakubeba jogoo.