Unga Mweusi wa Jeruto

Jumapili, 1 Juni 2025
Miezi mitano na siku tatu tangu nitoke nyumbani Keringet. Udongo mweupe wa machimbo ya Kariandusi hautoki mikononi hata kwa sabuni. Leo kanisani Madam Sue alifundisha wazazi kuwakinga watoto na pombe na dawa za kulevya. Tuzungumze nao, tujue marafiki wao, tusikilize kuliko kuuliza. Niliandika yote.
Nikamkumbuka Baba na wazee wenzake kwenye chungu cha pombe, mirija mirefu mdomoni, wakiimba. Walituonjesha, mimi na ndugu yangu Elphas, tukiwa wadogo. Watu walicheka. Elphas tulimzika akiwa na miaka thelathini na moja, pombe imemmaliza. Na bado nazikosa zile nyimbo.
Binti yangu Jeruto ana kumi na sita. Huyu hapotei.

Jumatatu, 2 Juni
Nimempigia simu. Nilikuwa na maswali ishirini na mawili. Alijibu manne, akauliza kama amepigiwa na baba ama na polisi. Zamani alinifuata kukamua, kikombe cha bati mkononi, akiongea mpaka ng'ombe anageuka kumtazama.

Jumanne, 3 Juni
Nahitaji macho nyumbani. Nimemwomba jirani, Kipngeno. Hajanisamehe tangu ndama wangu aingie kwenye viazi vyake, lakini kwa kuchungulia hana mwenzake. Amekubali haraka mno.

Alhamisi, 5 Juni
Kipngeno amepiga. Jeruto na rafiki yake Chepkurui wameonekana nyuma ya stoo. Moshi. Unga mweusi kwenye karatasi. Vidole vyeusi. Akasema pole sana, boss, kwa sauti ya mtu aliyeshiba.
Nyapara wetu Naftaly akauliza kama nimekuja kuchimba ama kuegemea sururu. Nikamwagiza mke wangu, Chelagat, apekue mkoba wa mtoto mbele ya mama yangu.

Ijumaa, 6 Juni
Unga ni mkaa. Mama yangu anawafundisha wasichana kuchoma vijiti vya mti wetu na kusugulia ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Kibuyu ni changu, maziwa yagande vizuri kabla nirudi.
Jeruto amelia. Hataki kuongea na mimi. Chelagat amesema, mzee, hapo umejifungia mlango mwenyewe.

Jumapili, 8 Juni
Nimepiga mara saba. Hashiki. Nimemweleza Madam Sue. Akauliza ni wapi alisema tuajiri mpelelezi. Niombe msamaha, nisiongeze swali.

Jumatano, 11 Juni
Ameshika.
Niliomba msamaha. Nikamwambia habari za Elphas, zote, hata asubuhi tuliyompata kwenye mtaro. Sijawahi kumwambia mtu. Akauliza kama Elphas alikuwa mcheshi. Sana, nikamwambia. Alikuwa anaigiza mapadri na kuku.
Alicheka. Halafu mwenyewe, bila kuulizwa, akasema kuna mwenzao wa shule alimpa kitu cha kutafuna, akakataa. Maswali kumi na moja yalinijaa mdomoni. Niliuma ulimi. Akaendelea kuongea mpaka chaji ikaisha.

Alhamisi, 12 Juni
Nimechimba kama kijana. Madam Sue ana akili. Kuamini mtoto ndiyo dawa, na mimi sasa namwamini kabisa.
Nimepewa ruhusa. Nafika nyumbani Ijumaa, tarehe 20. Jeruto nimemwambia nafika Jumamosi.