Kuzibwa kwa Matundu ya Baiskeli Bila Ridhaa ya Msikilizaji

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wa Mafundi Baiskeli,

Salamu, na pole kwa kazi ya kuinama kutwa. Mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu. Ninaandika nikiwa kitandani, na daktari amenishauri nisianze kusoma kitabu kinene. Kwa hiyo ninakuomba ulishughulikie jambo hili upesi kuliko ilivyo desturi ya ofisi.

Mjukuu wangu, ambaye ni mkunga, hupanda baiskeli ya milimani niliyomwachia magoti yaliponigomea. Fremu yake ilikuwa na matundu matatu kwenye bomba la chini. Kila aliposhuka mteremko wa kuja nyumbani, upepo uliingia humo na baiskeli ikapiga mluzi, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Juma lililopita fundi wenu, yule mnayemwita Daktari wa Vyuma, alikata kipande kibovu, akachomelea kipya, akapiga msasa na rangi hata mshono hauonekani. Kazi ni safi, sina la kusema. Ndiyo maana ninalalamika.

1. Nikiusikia mluzi ule, nilipata nafasi ya kufunika kopo la maziwa mazito yenye sukari, niliyokatazwa na daktari, kulisukuma nyuma ya mto, kufuta ndevu na kuanza kukoroma kidogo. Sasa baiskeli inaingia uani kama paka. Jumatatu alinikuta kijiko kingali kinywani. Akaniuliza taratibu, “Babu, hicho ndicho kipimajoto?” Nikaitikia kwa kichwa. Akaketi kitandani kungoja kipimo.

2. Binti yangu, mama yake huyo mkunga, alizoea kubandika chai akisikia mluzi. Siku hizi chai inachelewa, maneno yanarushwa kutoka jikoni hadi sebuleni, na mwisho wa yote anayelaumiwa ni mgonjwa, kwa kuwa hawezi kukimbia.

3. Nazungumza pia kama mtaalamu. Maisha yangu yote ya kazi nilikagua shule kwa pikipiki iliyosikika tangu bondeni. Kila nilikofika niliwakuta walimu darasani, chaki mkononi, watoto wametulia tuli. Hakuna aliyeaibika, na elimu ikasonga mbele, kwa mujibu wa ripoti zangu. Tuseme fundi wenu angeinyamazisha pikipiki ile. Tungekuwa wapi leo?

4. Kwa sababu hiyo ninapendekeza kila fremu itobolewe kabla ya kuuzwa. Vivyo hivyo viatu vya madaktari, na vya mawifi. Hata yule mgeni ninayemngoja, asiyepiga hodi kwa mtu, ningefurahi aje kwa baiskeli yenye matundu. Ningechana nywele.

Ombi langu ni dogo: fundi arudi na keekee yake, ayatoboe upya matundu yale kabla sijafumba macho.

Nisalimie mafundi wote, wake zao na waume zao, na yule anayewajazia watu upepo magurudumuni kutwa bila kuishiwa na wake.

Ni mimi, ambaye bado nipo wakati wa kutia sahihi,

Mkaguzi Mstaafu

N.B. Tundu la kwanza lilitobolewa na kutu. Mawili niliyatoboa mimi kwa keekee, masikio yalipoanza kuwa mazito, ili mluzi uvume zaidi. Fundi aliilaumu kutu, nami nikaiacha ilaumiwe. Leo asubuhi mjukuu wangu amenionyesha kile kipande kilichokatwa. Ufa umeanzia kwenye tundu langu moja, umepita kwenye la pili, umebakiza kidogo kulizunguka bomba zima. Fundi alimwambia lingekatika akiwa mteremkoni. Nimemweleza yote, hata habari za kopo, maana siwezi kuondoka na hilo kifuani. Alikigeuzageuza kile kipande mkononi, akasema kopo analijua siku nyingi, akaenda kazini.

Basi futa barua hii yote, isipokuwa salamu. Na mwambie fundi asisogee hapa na keekee.

Jioni hii nimesikia kengele mpya kutoka juu kabisa ya mteremko, ikilia polepole, kama ya mtu anayekupa muda. Muda wa kuficha kopo umetosha kabisa. Nimeliacha mezani, pamoja na vijiko viwili.